Materiali na Sheda katika Blender: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza kujifunza michoro ya pande tatu hufanana sana. Kwa nini dhahabu niliyoitengeneza inaonekana nyeusi? Kwa nini ukuta unang'aa kama plastiki ilhali nimeuwekea picha ya matofali halisi? Kwa nini kitu kizima kimegeuka rangi ya waridi kali? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Tutatengeneza materiali moja kamili ndani ya Blender, programu ya michoro ya pande tatu. Materiali hiyo ni ya sanduku la vifaa la chuma lililopakwa rangi, na rangi hiyo imebanduka kwenye baadhi ya kingo hadi chuma kikaonekana. Nimelichagua sanduku kwa sababu lina metali na kisicho metali katika uso mmoja, pamoja na uchakavu, na mambo hayo ndiyo yanayowasumbua wengi.

Naomba ulishike jambo moja tangu sasa. Materiali nyingi zinazoonekana bandia hazikuharibiwa na sheda. Ziliharibiwa na yale yaliyotangulia sheda: umbo ambalo halikuandaliwa, nuru isiyofaa, au picha iliyosomwa na programu kwa namna isiyo yake. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hazigusi rangi hata kidogo, na ninakusihi usiziruke.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Blender toleo la 4.2 au la baadaye, ambayo hupatikana bila malipo. Vitelezi vya sheda kuu vilipangwa upya katika toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2023, kwa hiyo ukitumia toleo la zamani zaidi baadhi ya majina hayatalingana na yaliyo hapa.
- Programu-jalizi ya Node Wrangler. Huja pamoja na Blender lakini huwa imezimwa. Iwashe kupitia Edit, Preferences, kisha Add-ons.
- Picha moja ya HDRI, yaani picha ya mazingira ya nyuzi 360 inayohifadhi tofauti halisi za mwangaza kati ya jua, anga na kivuli. Tovuti ya Poly Haven hutoa picha hizo chini ya leseni ya CC0, ambayo hukuruhusu kuzitumia hata katika kazi ya biashara bila kuomba idhini.
- Seti moja ya tekscha za chuma kilichopakwa rangi. Poly Haven na ambientCG zote zinazo, kwa leseni hiyohiyo. Chukua ukubwa wa pikseli 2048 kwa 2048. Picha ya 8192 kwa 8192 hula kumbukumbu mara 16 zaidi, na kwa kitu kimoja kinachotazamwa kwa mbali kidogo hutaiona faida yake.
- Meshi rahisi ya sanduku, yaani umbo la pande tatu lililoundwa kwa nyuso na kingo. Mchemraba uliorefushwa unatosha.
- Kipanya chenye vitufe vitatu, kwa sababu kufanya kazi hii kwa bamba la mguso la kompyuta ndogo huchosha.

Majina ya menyu na vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipate taabu ya kuyatafuta.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Sheda ni hesabu inayoamua uso ufanye nini na nuru iliyoufikia: uimeze, uitawanye, uiakisi au uipitishe. Tekscha ni picha inayobadilisha namba za hesabu hiyo kutoka nukta moja ya uso hadi nyingine. Materiali ni mkusanyiko wa hayo yote uliopewa jina na kuvishwa kitu. Katika Blender unaviunganisha kwa nodi, yaani visanduku vinavyopokea thamani upande wa kushoto na kuzitoa upande wa kulia.

Sheda utakayoitumia karibu kila mara ni Principled BSDF. Asili yake ni modeli iliyoelezwa na Brent Burley wa studio ya uhuishaji ya Walt Disney mwaka 2012, ambayo lengo lake lilikuwa kumpa msanii vitelezi vichache vinavyoeleweka, vingi vikiwa kati ya 0 na 1, badala ya milinganyo ya fizikia. Kwa sasa hiyo inatosha.

Hatua za kufuata

1. Andaa umbo. Chagua sanduku ukiwa katika Object Mode, bonyeza Ctrl+A, kisha uchague Scale. Amri hii huifanya programu ikichukulie kipimo ulichokifikia kwa kurefusha na kufupisha kuwa ndicho kipimo halisi cha kitu. Usipoitoa, tekscha itavutika upande mmoja, nawe utapoteza muda ukitafuta kosa ndani ya sheda wakati halimo humo.

   Ingia Edit Mode kwa kitufe cha Tab, chagua kila kitu kwa A, halafu bonyeza Shift+N ili nyuso zote zielekee nje. Ukitaka uhakika, fungua menyu ya Viewport Overlays na uwashe Face Orientation. Uso wowote ulioelekea ndani utaonekana mwekundu.

   Kisha lainisha kingo. Chagua kingo za sanduku na ubonyeze Ctrl+B, ukizikata kwa upana wa milimita moja au mbili na vipande viwili au vitatu. Vitu tunavyovishika kila siku havina ukingo uliochongoka kabisa. Ukingo huwa umeviringika kidogo, na hapo ndipo mstari mwembamba wa nuru unaposhika. Bila mstari huo, sheda nzuri kuliko zote itaonekana kama karatasi iliyokunjwa.

   Mwisho, chagua kila kitu tena, bonyeza U na uchague Smart UV Project. Hapo meshi inafunguliwa na kulazwa bapa ili picha iweze kuvishwa juu yake.

2. Weka nuru kabla ya materiali. Fungua eneo la kazi la Shading. Katika kichupo cha World, bofya nukta iliyo kando ya Color, chagua Environment Texture na ufungue ile picha ya HDRI. Bonyeza Z na uchague Rendered. Blender ina injini zaidi ya moja za kurenda, yaani za kukokotoa picha ya mwisho. Kwa kuhukumu materiali ninapendekeza ile ya Cycles, kwa kuwa hufuata miale ya nuru kwa uaminifu zaidi. EEVEE ni ya kasi na inafaa ukiwa bado unajaribu mpangilio.

   Weka mipira miwili midogo kando ya sanduku. Wa kwanza uwe wa kijivu, wenye rangi ya msingi ya 0.18 na Roughness ya 1. Wa pili uwe kama kioo kamili cha kujitazamia: rangi nyeupe, Metallic 1, Roughness 0. Mpira wa kijivu utakuonyesha nuru inatoka wapi na ina nguvu gani, na wa pili utakuonyesha ni nini hasa kinachoakisiwa. Wataalamu wa athari za picha za filamu hupiga picha mipira kama hii mahali pa kurekodia kwa sababu hiyohiyo.

   Onyo: usihukumu metali ndani ya mazingira meusi yenye taa moja. Metali haina rangi ya kutawanya, kwa hiyo huonyesha kile tu inachokiakisi. Ukiizungushia giza itaakisi giza, na hilo ndilo jibu la swali la dhahabu nyeusi.

3. Unda materiali na uipe jina. Chagua sanduku, nenda kwenye kichupo cha Material na ubofye New. Andika jina linaloeleweka, kwa mfano «chuma_rangi_sanduku». Faili lenye majina ya Material.001 hadi Material.047 halimsaidii mtu yeyote, hata aliyelitengeneza.

4. Amua: ni metali au si metali? Swali hili lina majibu mawili tu, na kitelezi cha Metallic kiwe 0 au 1. Thamani za katikati zinafaa mahali pamoja tu, kwenye pikseli chache za mpakani ambapo rangi inakutana na chuma. Mtu anayeweka 0.5 kwa kutaka «chuma kidogo» anatengeneza kitu ambacho macho hayakitambui.

   Tofauti yenyewe ni kubwa. Plastiki, mbao, rangi ya kupaka na mawe huakisi takriban asilimia 4 tu ya nuru inayovipiga moja kwa moja, na nuru iliyobaki humezwa au hutawanywa ikiwa na rangi ya kitu. Metali huakisi sehemu kubwa ya nuru, na uakisi wenyewe ndio unaobeba rangi. Nuru inapokuja kwa pembe ya mlalo, kila uso huakisi zaidi. Sheda hii hulihesabu jambo hilo yenyewe, huna haja ya kuliongezea nodi.

   Sanduku letu limepakwa rangi, na rangi ya kupaka si metali hata kama chini yake kuna chuma. Anza na Metallic 0.

5. Chagua rangi ya msingi kwa kiasi. Katika Base Color epuka nyeusi kabisa na nyeupe kabisa. Mkaa wenyewe hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru, na theluji mpya takriban 80 au zaidi kidogo. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, kaa kati ya 30 na 240 kwa vitu visivyo metali. Rangi iliyovuka mipaka hiyo ama haipokei kivuli, ama haipokei mwanga, na nuru yote uliyoipanga katika hatua ya pili itapotea bure.

   Kwa metali tumia rangi zilizotokana na vipimo. Chuma ni takriban #C4C7C7, dhahabu #FFE29B, na shaba nyekundu #FAD1C2. Ziandike katika kisanduku cha Hex. Utaona kwamba dhahabu ni nyepesi kuliko unavyoidhania. Weusi na kahawia tunaouona ndani yake hutoka kwenye mazingira inayoyaakisi.

6. Fanyia kazi mparuzo. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Kitelezi cha Roughness hueleza jinsi uso ulivyo na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Kwenye 0 uso ni kama kioo cha kujitazamia. Kadiri unavyoelekea 1, uakisi unatawanyika hadi usitambulike. Anayeanza huhangaika na rangi kwa saa nzima na kuuacha mparuzo kwenye 0.5, ilhali jicho hutambua kitu ni cha nini kupitia mng'ao wake kabla ya rangi. Chukua mipira mitatu ya rangi moja nyekundu, uipe mparuzo wa 0.1, 0.45 na 0.9, kisha uitazame. Utaona kitu kilichopigwa vanishi, kitu cha plastiki ya kawaida, na kitu cha udongo mkavu.

   Kwa rangi ya sanduku anza na 0.4. Thamani moja, hata hivyo, haitoshi. Uso unaotumika hushikwa kwa mikono, hupanguswa, hupata vumbi na kukwaruzwa, na kila moja ya mambo hayo hubadilisha mng'ao wa mahali pake bila kubadilisha rangi yake. Ndiyo maana tekscha ya mparuzo huleta uhai mkubwa hivyo. Kama huna picha, weka nodi ya Noise Texture, iunganishe na Map Range, na uweke To Min iwe 0.32 na To Max iwe 0.5. Tofauti ndogo kama hiyo haionekani ukiitafuta, ila ukiiondoa utagundua kwamba kitu kimekufa.

   Onyo: usiiunganishe picha ya rangi moja kwa moja kwenye Roughness kwa kudhani kwamba sehemu nyeusi ndizo zenye kung'aa. Mchoro mweusi uliopakwa kwenye sanduku hauna mng'ao tofauti eti kwa kuwa ni mweusi.

7. Ingiza tekscha na uziambie zisomwe vipi. Bofya nodi ya Principled BSDF, bonyeza Ctrl+Shift+T, na uchague kwa pamoja picha za seti yako. Node Wrangler husoma majina ya mafaili na kuunganisha kila picha mahali pake, pamoja na nodi za Texture Coordinate na Mapping. Ukiziunganisha mwenyewe kwa mkono, fuata kanuni ifuatayo bila kuiacha: picha ya rangi ya msingi ibaki katika mfumo wa sRGB, na nyingine zote, yaani za mparuzo, umetali, nomali (mwelekeo wa uso) na kimo, ziwekwe kwenye Non-Color.

   Sababu yake ni rahisi kuiona kwa namba. Picha za sRGB huhifadhi mwangaza kwa namna iliyopindishwa ili ilingane na macho yetu, na programu hulazimika kuunyoosha kabla ya kuhesabu. Pikseli ya kijivu yenye thamani 128 kati ya 255 ikisomwa kama data humaanisha 0.5. Ikisomwa kama sRGB hugeuka kuwa takriban 0.22. Mparuzo wako wa nusu umekuwa chini ya robo, na ukuta unang'aa kama plastiki. Kosa hili halitoi ujumbe wowote wa onyo, na katika kazi nilizoombwa kuzikagua ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi.

   Badilisha Scale katika nodi ya Mapping mpaka ukubwa wa chembe na mikwaruzo ulingane na ukubwa wa sanduku. Mkwaruzo wenye upana wa kidole hulifanya sanduku lionekane dogo kama la mchezo.

8. Ongeza nomali. Ramani ya nomali ni ile picha ya zambarau na buluu. Haibadilishi umbo, huudanganya uso kuhusu mwelekeo wake ili nuru ione mabonde na miinuko isiyokuwapo. Lazima ipitie nodi ya Normal Map kabla ya kufika kwenye sheda, na Strength ianzie 1. Ukijikuta unaihitaji 3 au 4, basi ama picha haifai, ama ulichokihitaji ni umbo halisi.

   Kuna mapokeo mawili ya ramani hizi, OpenGL na DirectX, nayo yanatofautiana katika chaneli ya kijani pekee. Blender hutumia OpenGL. Ukiipa ramani ya DirectX, miinuko itaonekana kama mashimo nuru inapotoka juu. Seti nyingi huja na ramani zote mbili. Chagua inayofaa kwa kuangalia jina la faili. Ukiwa na ya DirectX pekee, itenganishe kwa Separate Color, ondoa kijani kutoka kwenye 1 kwa nodi ya Math, kisha uiunganishe tena kwa Combine Color.

   Kumbuka kwamba ramani ya nomali haiwezi kubadilisha mstari wa nje wa umbo. Ukitazama ukingo wa kitu utaona mstari ulionyooka hata kama uso una mawe makubwa.

9. Bandua rangi mahali panapostahili. Ongeza nodi ya Image Texture, bofya New, unda picha nyeusi ya pikseli 2048, iite «barakoa_uchakavu» na uiweke kwenye Non-Color. Nenda eneo la Texture Paint na upake nyeupe pale ambapo rangi imetoka. Fikiria maisha ya sanduku lenyewe: kona zinazogonga sakafu, eneo la kufuli, ukingo wa kifuniko upande unaofunguliwa, na mahali ambapo kishikio hulala. Programu inaweza kubandua kingo zote kwa usawa bila wewe kupaka chochote, lakini uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali hauna historia, nao hutambulika mara moja kuwa ni wa mashine.

   Wengi hutengeneza sheda mbili na kuzichanganya kwa Mix Shader. Inafanya kazi, ila napendelea sheda moja ambayo barakoa, yaani picha hiyo ya nyeusi na nyeupe, inaongoza thamani zake, kwa kuwa ni nyepesi kukagua na kuhamisha. Unganisha barakoa kwenye Metallic moja kwa moja, kwani nyeupe ni 1 na nyeusi ni 0. Weka Mix Color ambayo A yake ni rangi ya kupaka, B ni #C4C7C7, na Factor ni barakoa. Tokeo lake liende kwenye Base Color. Fanya hivyohivyo kwa mparuzo ukitumia nodi ya Mix ya aina ya Float, A ikiwa mparuzo wa rangi na B ikiwa 0.3 hivi kwa chuma kilichosuguliwa.

   Imebaki unene wa rangi. Rangi iliyobanduka huacha ngazi ndogo ukingoni mwake, na nuru hushika hapo. Peleka barakoa kwenye Height ya nodi ya Bump, washa Invert ili chuma kiwe chini na rangi iwe juu, na upunguze Strength hadi 0.2. Tokeo la Normal Map liingie kwenye Normal ya Bump, na tokeo la Bump liingie kwenye sheda. Kwa mpangilio huo vyote viwili vitafanya kazi pamoja.

   Onyo: kuhifadhi faili la Blender hakuhifadhi picha uliyoipaka. Ihifadhi peke yake kupitia menyu ya Image, kisha Save.

10. Jaribu chini ya nuru nyingine. Iongezee Environment Texture ya mazingira nodi za Texture Coordinate na Mapping kama zile za hatua ya 7, zungusha HDRI kwa kubadilisha Rotation ya Z katika Mapping hiyo, halafu ibadilishe kabisa: anga la mawingu, chumba chenye dirisha, jua la mchana. Materiali iliyo sahihi hubaki kuwa chuma kilichopakwa rangi katika mazingira yote. Ikionekana vizuri katika mazingira mamoja tu, kuna thamani uliyoipotosha ili kuficha kasoro ya nuru. Rudi hatua ya 4 hadi ya 6.

11. Hifadhi. Bofya ikoni ya ngao kando ya jina la materiali ikiwa hakuna kitu kinachoitumia kwa sasa, kwa sababu Blender huitupa materiali isiyo na mtumiaji faili linapohifadhiwa na kufungwa. Kisha chagua File, External Data, Pack Resources, ili picha zote zisafiri ndani ya faili.

12. Ukihamishia injini ya michezo au tovuti. Umbizo la glTF 2.0 huelewa picha na thamani za sheda kuu. Halielewi Noise Texture wala Mix. Kwa hiyo nodi zako lazima zigeuzwe kuwa picha, kazi inayoitwa kuoka. Washa Cycles, ongeza nodi ya Image Texture yenye picha tupu, usiiunganishe na chochote, lakini iache ikiwa imechaguliwa. Usioke rangi kwa aina ya Diffuse: metali haina nuru ya kutawanya, na sehemu za chuma zitatoka nyeusi. Badala yake, peleka tokeo la Mix Color kwenye nodi ya Emission, iunganishe na Material Output, kisha uoke kwa aina ya Emit. Rudia kwa barakoa ya umetali. Mparuzo na nomali zina aina zao katika orodha, na kabla ya kuzioka urudishe sheda kuu kwenye Material Output.

Neno kuhusu kioo

Sanduku halina kioo kinachopitisha nuru, kama cha dirisha, ila swali lake huja kila mara. Weka Transmission 1, Roughness 0, rangi nyeupe, na IOR (kipimo cha jinsi nuru inavyopinda) ya 1.5, kwa maji ni 1.33, na kwa almasi ni 2.42. Kioo lazima kiwe na unene, yaani uso wa ndani na wa nje, la sivyo nuru itapinda inapoingia na isipinde tena inapotoka. Katika EEVEE ya toleo la 4.2 na kuendelea, washa Raytracing kwenye mipangilio ya kurenda na Raytraced Transmission kwenye mipangilio ya materiali yenyewe.

Matatizo na tiba zake

*Kitu kimekuwa cha waridi kali.* Programu haioni faili la picha. Huenda umehamisha folda. Tumia File, External Data, Find Missing Files.

*Materiali haionekani kabisa.* Uko katika mwonekano wa Solid. Bonyeza Z na uchague Material Preview au Rendered.

*Nimebadilisha rangi ya kitu kimoja na vingine vimebadilika.* Vinashiriki materiali moja. Namba iliyo kando ya jina ni idadi ya watumiaji. Ibofye ili kitu hiki kipate nakala yake.

*Uso una vipande vinavyopepesa nyeusi na nyeupe.* Kuna nyuso mbili zilizolala mahali pamoja. Katika Edit Mode chagua kila kitu, bonyeza M, na uchague By Distance. Kama ni vitu viwili tofauti, visogeze kidogo.

*Kingo za duara zinaonekana kama vipande bapa.* Bofya kitu kwa kitufe cha kulia na uchague Shade Smooth au Shade Auto Smooth.

*Kuna vinukta vyeupe vikali vilivyotapakaa kwenye picha ya Cycles.* Mara nyingi hutoka kwenye nuru kali inayoakisiwa na uso wa mparuzo mdogo mno. Pandisha mparuzo kutoka 0 hadi 0.05, na punguza Clamp ya Indirect Light iliyo ndani ya Light Paths. Kuongeza sampuli, yaani miale inayokokotolewa kwa kila pikseli, peke yake husaidia polepole sana.

*Kioo ndani ya kioo kimekuwa cheusi.* Miale imemaliza idadi ya midundo iliyoruhusiwa. Ongeza Total na Transmission katika Light Paths.

*Rangi ya nembo hailingani na ile niliyopewa na mteja.* Tangu toleo la 4.0, Blender hupitisha picha katika mwonekano wa AgX, ambao hulainisha rangi kali ili mwangaza mkubwa usikatike ghafla. Kwa mandhari yenye nuru halisi uache ulivyo. Kwa nembo, maandishi au mchoro bapa ambao lazima ulingane na msimbo wa rangi, badilisha View Transform iwe Standard katika kichupo cha Render, chini ya Color Management, na uipe nembo sheda ya Emission yenye nguvu ya 1 ili nuru ya mazingira isiiguse.